Je, Wajua? Gari Dogo na Bomba la Hewa Baridi

Je, wajua kwamba lita moja ya petroli haiungui sawasawa mpaka ichanganyike na takriban kilo 11 za hewa? Petroli inataka hewa mara 14.7 ya uzito wake. Zikipimwa kwa ujazo, kilo hizo ni lita 9,000 hivi: mapipa 45 ya hewa kwa lita moja uliyonunua pale sheli.

Injini ya 1NZ-FE, ile ya cc 1,497 iliyomo kwenye Probox na IST nyingi mitaani, ikifika mizunguko 6,000 kwa dakika inaweza kuvuta hadi lita 75 za hewa kila sekunde. Hesabu yake ni nyepesi: kila silinda hujaa hewa mara moja katika mizunguko miwili.

Je, wajua kwamba hewa ya moto ni pungufu? Usawa wa bahari, mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi joto 20 ina uzito wa gramu 1,200 hivi. Ipashe moto mpaka nyuzi 60, joto ambalo chini ya boneti kwenye foleni ni la kawaida tu, nayo inabaki na gramu 1,060. Kila nyuzi tatu zikipanda, hewa hupungua uzito kwa karibu asilimia moja, na hewa ikipungua, nguvu nayo hupungua.

Ndiyo asili ya biashara ya bomba la hewa baridi. Unatoa boksi la plastiki lililokuja na gari, unafunga bomba la alumini au la plastiki ngumu lenye chujio la umbo la koni mwishoni, kisha mdomo unauelekeza pasipo na joto la injini, aghalabu nyuma ya bampa au ndani ya madigadi.

Wazo lenyewe si la juzi. Mwaka 1964 kampuni ya Ford ilitengeneza Thunderbolt, gari la kukimbia robo maili, ikang'oa taa mbili kati ya nne za mbele na kupitisha mabomba ya hewa kwenye matundu yake. Kampuni ya K&N, ambayo machujio yake ya pamba yamesambaa dunia nzima, ilianza mwaka 1969 kule Riverside, California, kwa wapenzi wa pikipiki. HKS ya Japani, yenye lile chujio la umbo la uyoga, ni ya mwaka 1973. Gari dogo lililoifanya biashara hii ienee kwa vijana ni Honda Civic, kusini mwa California katika miaka ya 1990. Na filamu ya The Fast and the Furious ilipotoka mwaka 2001, zikiwamo Civic nyeusi za majambazi, kila kijana alitaka yake.

Sasa lile ambalo wauzaji hawalitangazi. Fungua boneti ya gari lako dogo, shika boksi la chujio, ufuate kwa mkono mrija unaoingiza hewa mpaka mwisho wake. Mara nyingi utaukuta nyuma ya taa kubwa, au juu ya rejeta ukitazama kwenye shoo, au umeingia ndani ya madigadi. Mdomo huo hauvuti hewa ya moto ya injini. Unavuta hewa ya nje. Yaani gari lilitoka kiwandani likiwa na bomba la hewa baridi, na unachonunua ni la pili.

Usiniamini mimi. Tafuta kile kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ya kompyuta chini ya usukani, kinachozungumza na simu kwa bluetooth, na kama gari lako linakubali, soma joto la hewa inayoingia. Ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 80, namba hiyo inakaa juu ya joto la nje kwa nyuzi chache tu. Ukikwama Ubungo au Thika Road, inapanda. Ukifunga bomba jipya itapanda vilevile, kwa kuwa gari lililosimama halina upepo, na bomba la alumini hunyonya joto la injini mpaka ukiligusa unatoa mkono.

Je, wajua kwamba chujio la uyoga linalofungwa kwa bomba fupi juu ya injini bila kizuizi chochote huweza kuvuta hewa ya moto zaidi kuliko boksi ulilotoa? Bomba fupi la namna hiyo ni rahisi kufunga na bei yake ni ndogo. Kwenye foleni ya Dar es Salaam mwezi wa pili, ni hasara uliyoilipia.

"Lakini gari likikimbia, hewa inasukumwa ndani!" Inasukumwa, ndiyo. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, msukumo wote wa upepo ni karibu nusu ya asilimia moja ya kanieneo ya kawaida ya hewa. Kwa gari la nguvu za farasi 100, hiyo ni nusu farasi.

Kama kweli unataka kujua hewa inafanya nini kwenye injini isiyo na turbo, toka Nairobi ushuke Mombasa. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kiasi kwamba gari likifika pwani, hata baada ya kutoa hasara ya joto la Mombasa, linapata hewa zaidi kwa asilimia zaidi ya 15. Hakuna bomba la dukani litakalokupa hata robo ya hiyo. Wanaopandisha mlima Kitonga wakilaumu plagi wangefikiria na mwinuko.

Kwa gari dogo lisilo na turbo, seti nzuri huongeza nguvu za farasi chache, na karibu zote huonekana kwenye mizunguko ya juu kabisa, pale ambapo mtu wa kwenda kazini hafiki kwa wiki nzima. Ukioneshwa mchoro wa vipimo, uliza: boneti ilikuwa wazi? Palikuwa na feni kubwa mbele? Namba zimerekebishwa kwa kipimo gani? Kile cha Marekani kinachoitwa SAE J1349 hurekebisha kila kitu kiwe kana kwamba hewa ni ya nyuzi 25, na hewa ya Dar es Salaam saa nane mchana ni nadra kuwa ya nyuzi 25.

Kwa nini basi watu wanaapa kwamba gari limebadilika? Sikio. Ndani ya mfumo wa kiwandani kuna kijaluba cha plastiki kinachoonekana hakina kazi, na mafundi wengi hukitupa. Kazi yake ni kumeza mngurumo kwa kanuni aliyoichunguza mwanafizikia Mjerumani Hermann von Helmholtz katika karne ya 19: chumba chenye shingo nyembamba hufifisha sauti za kiwango fulani. Kitoe, na injini ya cc 1,000 itaunguruma kama ina deni la kudai. Watengenezaji wanajua uzito wa jambo hili: Toyota 86 ilikuja na mrija maalumu wa kupeleka sauti ya hewa ndani ya gari, na Volkswagen imefunga kwenye baadhi ya magari kifaa cha kutengeneza mngurumo. Hukumu yangu ni hii: asilimia kubwa ya fedha inanunua sauti. Sioni kosa, ilimradi mnunuzi anajua anachonunua.

Mafuta je, yanapungua? Maabara ya Oak Ridge, Tennessee, ilipima mwaka 2009 magari ya kisasa yenye machujio yaliyozibwa makusudi, ikakuta ulaji wa petroli haukubadilika kwa kiasi cha maana. Kilichozorota ni kasi ya kuchomoka. Sababu iko wazi. Unapoendesha polepole, ule mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga eksileta umefungwa nusu, na huo ndio unaoibana hewa. Hata ukiweka chujio lenye kupitisha upepo wa kaskazi wote, mlango bado umefungwa. Anayekuuzia bomba kwa ahadi ya kupunguza mafuta, mpe chai umuage.

Je, wajua kwamba bomba nene linaweza kuidanganya kompyuta ya gari? Magari mengi hupima hewa kwa sensa yenye waya mwembamba unaopashwa moto. Hewa ikipita inaupoza, na kompyuta inakadiria ni kiasi gani kimepita. Sensa ile ilipimwa kwa upana wa bomba la kiwandani. Ihamishe kutoka bomba la milimita 60 hadi la milimita 70, na hewa ileile itapita mbele yake taratibu kwa robo na zaidi. Kompyuta itadhani hewa ni chache, itanyunyiza petroli kidogo, injini itakosa nguvu na kupata joto, na taa ya injini itawaka ikiwa na msimbo P0171. Ndiyo maana seti za maana hutengenezwa kwa ajili ya modeli moja, na zile za "inaingia gari lolote" huishia kutafutiwa fundi wa umeme.

Msimbo P0113 nao mara nyingi ni uzembe mtupu: fundi amesahau kuchomeka sensa ya joto la hewa.

Machujio ya pamba hupakwa oili maalumu ili kunasa vumbi. Ukizidisha oili baada ya kuosha, inaruka na kuganda kwenye ule waya wa sensa. Paka kidogo, acha lilale usiku kucha, ndipo ulirudishe.

Tukifika kwenye vumbi, twende taratibu, maana hapa ndipo kwetu mambo yanapoharibika. Machujio hupimwa kwa utaratibu wa kimataifa uitwao ISO 5011, na vumbi la kupimia lina asili ya jangwa la Arizona. Hatari yake ni chembe za mchanga wa kwatzi, ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs, ambazo zikipita chujio husugua ringi na kuta za silinda mpaka gari linaanza kula oili. Muuzaji akisema chujio lake linapitisha hewa zaidi, muulize linapitisha vumbi kiasi gani. Kwa anayeendesha kwenye lami tupu, si neno. Kwa anayeingia Kiteto au Turkana kila wiki, chujio la karatasi la kiwandani ni mali.

Wanaolijua vumbi wameupandisha mdomo wa hewa juu, hawakuushusha kwenye bampa. Tazama Land Cruiser za watalii Serengeti zenye bomba lililopanda kando ya kioo hadi usawa wa paa. Magari ya Safari Rally ya miaka ya 1990 yalifungwa bomba la namna hiyohiyo, kwa ajili ya vumbi na mito.

Maji. Je, wajua kwamba vijiko vitatu vya chakula vinatosha kuua injini? Kwenye ile 1NZ-FE, pistoni ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki ndani ya silinda ni mililita 40 hivi. Hewa hubanwa, maji hayabaniki. Yakijaa nafasi hiyo, pistoni inagota na konrodi inapinda. Sasa mdomo wa hewa uliokuwa juu nyuma ya taa umeuteremsha mpaka chini ya bampa, sentimita chache kutoka barabarani, halafu masika yanafika na bonde la Jangwani, Dar es Salaam, linafurika. Kuna seti zinazouzwa na vali ya dharura ya kuvutia hewa juu pale mdomo unapozama. Kama unakaa bondeni, hiyo si anasa. Na gari likizimika majini, usipige stata tena. Lisukumwe nje, plagi zitolewe, injini izungushwe ikiwa wazi ili iteme maji.

Kazi ya kufunga yenyewe ni ya saa moja au mbili. Injini iwe imepoa, waya wa hasi wa betri utolewe, spana namba 10 na bisibisi vinakidhi karibu yote. Sehemu inayokera ni vile vibanio vya plastiki vya bampa na madigadi, vinavyovunjika ukivitazama; nunua vya akiba kabla. Funga klipu zote kwa kulegeza kwanza, panga bomba lisiguse mkanda wala feni, acha nafasi kwani injini hutikisika, ndipo ukaze kabisa. Kile kimpira cha injini kupumulia kirudi mahali pake. Washa, sikiliza kama kuna mluzi kwenye maungio. Baada ya siku chache kagua klipu tena.

Kwa ndugu walioko California: bomba lisilo na namba ya kibali cha mamlaka ya hewa ya jimbo hilo huangusha gari kwenye ukaguzi wa moshi, hata kama moshi wenyewe ni safi. Kibandiko chenye namba hiyo hubandikwa chini ya boneti. Na tangu mwaka 1975 sheria ya Marekani haimruhusu mtengenezaji kufuta dhamana ya gari zima kwa sababu tu umefunga kifaa cha kampuni nyingine. Lazima kifaa hicho kiwe ndicho kilicholeta hitilafu.

Boksi la zamani, mrija wake na kile kijaluba, usimwachie fundi. Vifunge kwenye mfuko uvipeleke nyumbani, kwa sababu siku ya kuuza gari mnunuzi atafungua boneti na kuviulizia.