Je, Wajua? Saa Isiyo na Tarakimu

Je, wajua kuwa kuna saa maarufu ya mkononi isiyo na tarakimu hata moja? Ilibuniwa mwaka 1962 na Vivianna Torun Bülow-Hübe, sonara aliyezaliwa Malmö, Sweden, mwaka 1927. Uso wake ni kioo: ukitazama saa, unajiona mwenyewe. Mkanda wake ni bangili iliyoachwa wazi, haina kifungo. Unaipachika tu mkononi. Torun hakutaka mtu awe mtumwa wa wakati. Kampuni ya Georg Jensen ya Denmark ilianza kuiuza mwaka 1967.

Kabla ya hapo, Torun akiishi Ufaransa, alikuwa akiokota kokoto ufukweni na kuzipamba kwa fedha. Mwimbaji Billie Holiday alivaa vito vyake. Torun alifariki mwaka 2004.