Samaki wa Kukaa Pamoja

Tangu niweke tangi kubwa la kioo sebuleni kwangu hapa Busia, kila mgeni huniuliza, "Samaki gani walio wazuri?" Swali hilo halitoshi. Lililo bora ni hili: "Samaki gani waweza kukaa pamoja?" Mtoni au ziwani samaki mnyonge hukimbia akajificha, katika tangi hana pa kukimbilia. Basi nitaeleza namna ya kuchagua, na mifano yangu mingi itatoka katika Ziwa Victoria, ambalo samaki wake huletwa sokoni kwetu kutoka Port Victoria, Sio Port na Majanji.

Kwanza ujue ukubwa wa tangi lako. Tangi lenye urefu wa sentimita 120, upana wa 50 na kimo cha 50 huchukua lita 300. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kwa hiyo maji peke yake yapita uzito wa magunia matatu ya mahindi ya kilo 90. Sharti meza iwe imara. Tena usitie samaki wote siku moja. Uchafu wao hutoa amonia, nayo ni sumu. Vijidudu vinavyoota katika chujio huigeuza amonia hiyo isiwadhuru samaki, lakini vyahitaji majuma kadhaa kuongezeka. Anza na samaki wachache.

Sasa tuje kwenye uchaguzi. Mimi hutumia maswali manne.

Swali la kwanza: Je, mmoja atamla mwenziwe? Samaki anayeingia katika kinywa cha mwingine mara nyingi huishia tumboni mwake. Usidanganywe na umbo la utotoni. Kambare mwenye urefu wa kidole ni mpole machoni, lakini hukua akapita mita moja, naye hula karibu kila kitu. Kamongo, ambaye ndugu zetu wa Uganda humwita mamba ingawa si yule mamba wa mtoni, huweza kupita mita moja vilevile, na meno yake hukata. Huyo akae peke yake. Na mbuta, anayeitwa sangara huko Tanzania, huweza kufikia kilo 200. Hana nafasi katika nyumba ya mtu.

Swali la pili: Je, wanapenda maji ya namna moja? Katika Ziwa Magadi, kusini mwa Kenya, wako samaki wadogo wa jamaa ya ngege wanaoishi katika maji ya magadi makali na yenye joto kubwa. Maji hayo yangewaua samaki wa Ziwa Victoria. Hapana ugomvi baina yao, lakini hawawezi kukaa nyumba moja.

Swali la tatu: Je, nafasi yatosha kuzuia vita? Hapa nataka kuwataja furu, ambao Wajaluo huwaita fulu na Waganda nkejje. Wengi wao ni wadogo, hawazidi urefu wa kiganja, na madume yao yana rangi za kupendeza mno. Lakini kila dume hujitwalia kipande cha ardhi na kukilinda kwa ukali. Ukiweka madume wawili na jike mmoja, utaona mapezi yamechanika kabla ya juma kwisha. Yafaa kuweka dume mmoja na majike kadhaa, na mawe mengi yenye mapango ili anayefukuzwa apate kujisitiri. Jike hulea mayai yake kinywani mwa muda wa majuma mawili au zaidi, na wakati huo hali sana. Naye pia ahitaji mahali pa utulivu.

Swali la nne watu wengi hulisahau: Je, hawa ni ndugu wa karibu mno? Ziko aina mbili za furu wa miambani, na jina lao la kitaalamu, Pundamilia, limetoka katika Kiswahili chetu kwa sababu ya milia yao. Aina moja dume wake ni mwekundu. Nayo iliitwa nyererei mwaka 1985, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Ya pili dume wake ana rangi ya samawati. Majike wao wafanana sana, nao huchagua dume kwa kutazama rangi. Wataalamu walipowaweka chini ya mwanga uliozificha rangi hizo, majike hawakuweza tena kuchagua sawasawa. Ukiwachanganya nyumbani waweza kupata machotara, na aina zote mbili zitapotea katika tangi lako.

Mambo haya si mchezo wa sebuleni tu. Ziwa lenyewe lilitiwa samaki asiyepatana na wenyeji. Mbuta alitiwa humo katika miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960, ili kuongeza samaki wa kuvuliwa. Miaka ya 1980 aliongezeka ghafula. Biashara ilikua na watu wengi walipata riziki, lakini furu, waliokuwa aina zipatazo 500, walipungua vibaya, na inakadiriwa kuwa aina 200 hivi zilitoweka. Uvuvi mkubwa na maji kuchafuka kwa udongo na mbolea vilisaidia kuwamaliza. Ngege wa asili naye karibu aishe ziwani. Alisalimika katika maji madogo kama Ziwa Kanyaboli, kule Siaya, ambako mbuta hayupo.

Kwa hiyo shauri langu kwa anayeanza ni hili. Chagua aina moja tu ya furu, dume mmoja na majike watano au sita, na gogogo wachache wa aina ndogo wakae chini. Kabla ya kuvua, mwulize afisa wa uvuvi, wala usivushe samaki hai mpakani bila ruhusa. Na ukichoka na samaki wako, mpe mwenzako au uwarudishe kwa aliyekuuzia. Usiwamwage kamwe katika Mto Sio wala Malaba. Kosa la tangi huweza kutengenezwa kwa kununua tangi la pili. Ziwa la pili la kuwahamishia furu wetu hatuna.