Koo likiuma, asali ina nafasi yake na hospitali ina yake

Abiria wa mabasi ya Iringa na Mbeya huiona Ruaha Mbuyuni kabla ya kuupanda mlima Kitonga: vitunguu vimepangwa kando ya barabara, mibuyu imetanda bondeni. Huko, koo likianza kuwasha, dawa ya kwanza iko jikoni: asali, tangawizi, limau, uji wa ubuyu. Je, sayansi inaziunga mkono?

Asali ndiyo yenye ushahidi mzito zaidi. Mwaka 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford nchini Uingereza walipitia tafiti 14, wakabaini kuwa asali hupunguza kikohozi cha mafua kuliko tiba zilizozoeleka. Lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asilambishwe kabisa, kwani inaweza kuwa na vijidudu vinavyolegeza misuli yake hata ile ya kupumulia.

Ubuyu una vitamini C nyingi kuliko chungwa. Hiyo ni lishe njema, ila tafiti hazijathibitisha kwamba vitamini C inayotumiwa baada ya mafua kuanza huyafupisha. Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba tangawizi hupunguza uvimbe. Ushahidi kwa wagonjwa wa koo bado ni mdogo. Kusukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi huleta nafuu, bila gharama.

Maumivu mengi ya koo husababishwa na virusi na hupona yenyewe ndani ya wiki moja. Hatari iko kwa bakteria aitwaye streptokokasi, hasa kwa watoto wa miaka 5 hadi 15. Maambukizi yake yasipotibiwa, mwili unaopambana na bakteria huyo unaweza kugeuka na kuharibu vali za moyo. Wagonjwa wa aina hiyo hufikishwa hadi Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, wengine wakihitaji upasuaji, ilhali penisilini ya bei nafuu ingeyazuia hayo mapema.

Wapo pia wanaokimbilia kukata kimeo, lakini hilo halitibu kikohozi. Wembe wa mtaani unaweza kusababisha kutokwa na damu nyingi, pepopunda na maambukizi mengine.

Mzazi, endelea kumpa mwanao asali na uji wa moto akishavuka mwaka mmoja. Lakini akiwa na homa kali, akishindwa kumeza, akipumua kwa shida au tezi za shingo zikivimba, mpeleke zahanati siku hiyohiyo.