Pikipiki ya baba na bolti isiyopatikana dukani

Je, mpenzi msomaji, kwenu mashambani kuna pikipiki iliyolazwa nyuma ya ghala, kuku wakilala juu ya kiti chake? Maboma mengi ya kando ya Ziwa Victoria yanayo. Hebu tuseme yako iko Kisegi, kule Gwassi katika kaunti ya Homa Bay, nayo ni Yamaha AG100 ambayo baba aliitumia alipokuwa afisa wa kilimo. Aina hiyo iliundwa kwa ajili ya watu wa shamba: injini ndogo ya cc 97, mnyororo uliofunikwa kabisa, keria mbele na nyuma. Kabla ya enzi za bodaboda, pikipiki ya namna hiyo ilipita mahali ambapo gari lilikwama.

Mmefika nyumbani kwa likizo ya Desemba. Kaka yako mkubwa anataka iuzwe kwa watu wa vyuma vikuukuu. Wewe umekataa. Umeosha kabureta, umeweka plagi mpya, umejaza oili, na siku ya tatu injini imenguruma hadi mama akatoka jikoni kuangalia. Kaka amenyamaza. Kilichobaki, unadhani, ni vitu vidogo tu: bolti nne hazipo, mbili zimeliwa na kutu, na ule mkono wa chuma unaoshikilia sahani ya breki ya nyuma umefungwa kwa waya.

Huo waya ndio wa kukunyima usingizi, wala si injini.

Breki ya nyuma ya pikipiki hii ni ya ngoma. Unapokanyaga, viatu vya breki hubana ngoma inayozunguka, na sahani iliyobeba viatu hivyo nayo hutaka kuzunguka. Kinachoizuia ni ule mkono wa chuma, na mkono wenyewe hushikwa kwa bolti moja kila upande. Bolti ikikatika au nati ikifunguka, sahani huzunguka pamoja na gurudumu, hung'oa fito ya breki, na gurudumu laweza kukwama ghafla. Fikiria hayo yakikupata ukiteremka vilima vya Gwassi, juu ya changarawe, na mtoto wa dada yako ameketi nyuma.

Basi unaitoa bolti ya upande wa pili, unaitia mfukoni na kwenda sokoni. Mwenye duka la vyuma anaitazama, anatia mkono katika debe, anakupa nyingine inayofanana nayo. "Hii itaingia tu," anakuambia. Nayo inaingia kweli! Mizunguko miwili ya kwanza ni laini, wa tatu unataka spana, wa nne unalia. Ukiendelea, umeharibu nati, au vibaya zaidi, umekwangua meno ya ndani ya chesisi au ya injini.

Sababu ni kwamba unene wa bolti si kipimo cha pekee. Kuna umbali kutoka jino moja hadi jingine, ambao mafundi huuita pichi. Bolti ya milimita 10 inayouzwa katika maduka mengi ya ujenzi ina pichi ya milimita 1.5. Ya milimita 10 iliyo katika pikipiki na magari ya Japani mara nyingi ina pichi ya 1.25. Kwa macho ni ndugu, kwa spana ni maadui. Bolti za inchi nazo zina hila zaidi. Ile ya inchi 5/16 ina unene wa milimita 7.94, kwa hivyo itajipenyeza kwenye tundu la milimita 8 na kuanza kulila kabla hujashtuka.

Wanafunzi, leteni rula ya shuleni. Tafuta jino moja karibu na ncha ya bolti ya zamani, anza kuhesabu kutoka jino linalofuata hadi utimize kumi, kisha pima umbali huo wote. Ukipata milimita 12.5, pichi ni 1.25. Ukipata 15, pichi ni 1.5. Ukipata karibu 14, huenda umeshika bolti ya inchi. Bolti ikiwa fupi, iweke ubavu kwa ubavu na nyingine unayoijua, meno ndani ya meno, kisha zielekeze kwenye jua. Zikishikana bila kupitisha mwanga, ni za pichi moja.

Jambo la pili ni nguvu ya chuma. Tazama kichwa cha bolti. Iliyoandikwa 8.8 huhimili mvuto wa kama nyutoni 800 kwa kila milimita mraba kabla ya kukatika, iliyoandikwa 4.6 ni nusu ya hapo. Zile za Kijapani mara nyingi huwa na tarakimu moja tu, kwa mfano 7 au 8, na hizo si za kudharau. Isiyo na alama yoyote itoshe kushikilia madigadi au kibati cha namba, basi. Kuna pia zile nyeupe zinazong'aa, zisizoshika kutu. Zinavutia macho, hasa karibu na ziwa ambako unyevu haupumziki, lakini ya kawaida huandikwa A2-70, na mvuto wake ni 700. Sipendi kuziona kwenye breki.

Sasa utazipata wapi? Wengi hukimbilia duka la pikipiki. Si vibaya. Tangu mwaka 2008, Kenya ilipoondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki zenye injini ndogo, Boxer na TVS zimejaa hadi vijijini, na mafundi wa bodaboda wana makopo ya bolti za milimita 6 na 8 zinazoweza kukufaa. Lakini kwa ile ya milimita 10 yenye pichi ya 1.25, ushauri wangu ni huu: tafuta Toyota iliyokufa. Magari ya Japani yamejaa bolti hizo, zenye chuma kizuri, na kichwa chake mara nyingi ni cha spana namba 14 kama cha pikipiki yako, wakati ya duka la ujenzi hutaka namba 17. Wanaovunja magari makuukuu Kisumu, Kisii au Nairobi, kule Kirinyaga Road ambako wengi bado hupaita Grogan, watakuachia upekuepekue ndoo nzima. Nenda na bolti yako mkononi. Usiende na maelezo ya mdomo.

Na kama urithi wenu ni BSA ya Mwingereza? Pole, na hongera. Humo hakuna milimita. Kuna meno ya Whitworth, aliyoyapanga Joseph Whitworth mwaka 1841, na kuna meno ya baiskeli, 26 kwa kila inchi. Hata spana ni zake: ile ya robo inchi ya Whitworth ina mdomo wa milimita 13.3, kwa hivyo namba 13 haiingii na namba 14 inateleza na kuviringisha kichwa. Lakini kuna kicheko ndani yake: nati ya ekseli ya baiskeli ya zamani ya Raleigh yaweza kuingia sawasawa mahali penye inchi 5/16 au 3/8 ya meno hayo 26. Itumie kwa madigadi, si kwa breki. Iliyobaki, mpe fundi wa mashine ya lethi akuchongee kutoka chuma kigumu, nawe umpe ya zamani kama kielelezo.

Neno kuhusu kufungua. Skrubu za msalaba za injini ya Kijapani zina umbo lake, na bisibisi ya kawaida huzitafuna. Lowesha skrubu kwa dizeli usiku kucha, gonga bisibisi mara mbili tatu kwa nyundo ndogo, ndipo uzungushe huku ukikandamiza. Patasi iache kwa seremala.

Mkono wa breki ukishafungwa, tia washa ya springi na pini ya kuzuia nati pale palipo na tundu lake, kisha chora mstari wa rangi ya kucha ya dada kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma. Endesha polepole hadi Magunga bila kubeba mtu. Ukifika, kabla hata ya kuagiza chai, inama utazame: mstari ukiwa umevunjika, nati imesogea, na mtoto wa dada atasubiri hadi uikaze upya.