Inveta Mpya: Tuulize Betri Kabla ya Kuuliza Bei

Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, msafiri wa Kusini aliyefika Ndundu hakuwa na budi kusubiri kivuko. Siku hizi gari huvuka Mto Rufiji kwa dakika chache, na pamoja na abiria huvuka vyombo vya umeme wa jua viendavyo vijijini. Lakini kwa jamaa wa visiwa vya delta safari haiishii barabarani. Iko mashua mbele, na mashua husubiri maji. Chombo kilichonunuliwa kwa makosa hakirudishwi dukani jioni ile ile.

Mto huo huo una Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa kuzalisha megawati 2,115. Hata hivyo, nyumba isiyofikiwa na nyaya hutegemea jua, betri na inveta. Inveta hupokea mkondo mnyoofu wa volti 12 kutoka katika betri, ikaugeuza kuwa mkondo geu wa volti 230, kama ule wa TANESCO. Ikiungua, baba na mama hawana budi kukaa na kushauriana, maana fedha ya kununua nyingine ni jasho la mpunga au la kamba waliovuliwa usiku.

Jambo la kwanza ni kuchunguza ile ya zamani ilikufa kwa sababu gani. Huenda iliyokatika ni fyuzi tu. Huenda nyaya za betri ziliunganishwa kinyume, au vibanio vyake vimeliwa na kutu ya hewa ya chumvi, au sisimizi walifanya makao ndani. Inveta mpya ikifungwa juu ya kosa la zamani, itaifuata mwenzake.

Jambo la pili ni hesabu. Tuseme nyumba ina runinga ya wati 40 inayotazamwa saa 4: hizo ni wati-saa 160. Taa 4 za wati 5, zikiwaka saa 5, ni wati-saa 100. Jumla ni 260 kwa siku, na vyote vikiwaka pamoja havizidi wati 60. Inveta ya wati 300 yatosha na kubakiza.

Lakini kipya kinyemi, na kikubwa huonekana kinyemi zaidi. Mtu huona imeandikwa wati 2,000, akadhani amenunua umeme mwingi. Inveta haizalishi umeme; inaugeuza tu ule uliomo katika betri. Tena ile kubwa yaweza kula wati 15 kwa ajili yake yenyewe, hata kama hakuna kinachowaka. Ikiachwa usiku na mchana, hizo ni wati-saa 360, kupita matumizi ya nyumba nzima! Na betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, ambazo si vema kutumia zaidi ya nusu yake.

Iko na hatari. Wati 2,000 kutoka katika volti 12 ni zaidi ya ampea 160. Waya mwembamba hauwezi kuustahimili mkondo huo. Utapata moto, na juu yake ni paa la makuti.

Mwenye friji au pampu ana hesabu yake. Mota inapoanza kuzunguka hudai umeme mara kadhaa ya kawaida yake, kwa hiyo anahitaji inveta yenye nguvu ya ziada, tena ile itoayo wimbi laini. Wimbi la ngazi huifanya mota ivume na kupata joto. Taa za volti 12 na kuchaji simu havihitaji inveta kabisa. Na viunganishwe na betri kwa njia yake, penye fyuzi.

Dukani, omba inveta ijaribiwe mbele yako ikiwa na mzigo, kisha chukua risiti na hati ya dhamana. Nyumbani, ifungwe mahali penye hewa, mbali kidogo na betri, kwa kuwa betri ya asidi inapochajiwa hutoa gesi inayoshika moto. Waya uwe mnene na mfupi, fyuzi iwe karibu na betri, na kabla ya kulala, inveta izimwe.

Jamaa aliyepiga hesabu kabla ya kupanda mashua hurudi na chombo kidogo, na fedha ya daftari za watoto ingali mfukoni.