Chai ya Chepseon Hufika Mombasa, Sanaa Yake Imekwama Wapi?

Kila alasiri nitokapo shuleni hupita kando ya kituo cha kununulia majani chai hapa Chepseon, na kila alasiri huona jambo lile lile. Mkulima hufika na kikapu mgongoni, majani yake hupimwa kwenye mizani, uzani huandikwa, naye hupewa stakabadhi. Jani lililochumwa asubuhi huwa kiwandani usiku huo huo, na baada ya kunyaushwa, kusagwa, kuchachushwa, kukaushwa na kutengwa kwa madaraja, huanza safari ya kuelekea mnada wa Mombasa. Hata mzee asiyejua kusoma anaweza kukwambia ni kilo ngapi zilizotoka shambani mwake mwezi uliopita.

Hatua chache kutoka kituoni hapo huketi kijana wa kike ambaye nilimfundisha hesabu miaka kadhaa iliyopita. Yeye hupamba vibuyu vya maziwa ya mursik, vile tuviitavyo sotet, kwa shanga na ngozi. Mkono wake ni mwepesi na jicho lake halikosei rangi. Lakini ukimwuliza ni vibuyu vingapi alivyouza mwaka jana, na kwa bei gani, hana la kukujibu.

Siku moja alinisimulia mkasa uliomfika. Mfanyabiashara mmoja alisimamisha gari, akavisifu vibuyu vyake, akachukua 12 na kuahidi kuvilipia vikishauzwa mjini. Hawakuandikiana lolote. Miezi ikapita. Alipompata kwa simu, aliambiwa kwamba vinne vilivunjika njiani na vilivyosalia havijapata mnunuzi. Hadi leo hajaona shilingi wala kibuyu. Kisha akanitazama na kuniambia, "Mwalimu, ulinifundisha hesabu ya kutoa na kujumlisha, lakini hesabu ya kuuza hukunifundisha."

Msomaji mpenzi, maneno hayo yamenikosesha usingizi. Sisi walimu hutoa tuzo kwa mchoro bora, tukaubandika ukutani hadi utakapochakaa, kisha tukadhani kwamba kazi yetu imekwisha. Tunamfunza mtoto kuumba kitu kizuri, halafu tunamwacha sokoni kama mwanakondoo miongoni mwa fisi.

Hali hii haikuanza leo wala hapa kwetu. Mjini Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1960, Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora wanyama na ndege juu ya vipande vya ubao kwa rangi zinazopakwa baiskeli, akawa anauza michoro yake kando ya maduka ya Oysterbay. Alifariki mwaka 1972. Wanafunzi na jamaa zake waliendeleza kazi, wakaungana, na mwaka 1990 wakawa na chama chao cha ushirika. Hapa Kenya, wachongaji wa Kikamba walianzisha ushirika wao Changamwe, Mombasa, mwaka 1963. Watu hawa walitambua mapema jambo ambalo wakulima wa chai wanalijua vyema: mtu mmoja mwenye kikapu kimoja hupangiwa bei, bali wengi wenye mizani moja huweza kuuliza bei hiyo imetoka wapi.

Hata hivyo, umoja pekee hautoshi. Michoro ya Tingatinga imenakiliwa mno hivi kwamba mgeni huweza kununua picha asijue iliyotoka mkononi mwa nani. Kwa hiyo funzo la kwanza ninalowapa wanafunzi wangu ni kutia sahihi na mwaka kwenye kila kazi, kuipiga picha, na kuiandika daftarini: jina lake, vipimo vyake, vilivyotumika, bei, na mahali ilipo sasa. Daftari hilo ndiyo mizani ya msanii.

Funzo la pili ni bei. Tuseme kibuyu na shanga vimegharimu shilingi 300. Kazi imechukua siku 3, na kila siku ina thamani ya shilingi 500, yaani 1,500. Nauli ya kukifikisha mjini ni 100. Jumla ni shilingi 1,900. Msanii akikiuza kwa 3,000 hudhani amefaidika. Lakini ikiwa duka au jumba la maonyesho linatoza asilimia 40, basi 1,200 zitabaki huko, naye atapokea 1,800. Amefanya kazi siku tatu na kupoteza shilingi 100! Mwalimu wa hesabu asiyeweza kupata nusu saa ya kufanya zoezi hili darasani na aniambie ana kazi gani kubwa zaidi.

Sisemi kwamba ada ya jumba ni wizi. Mwenye jumba hulipa kodi ya pango, taa na wafanyakazi, na huwajua wanunuzi tusiowajua sisi. Ninalosema ni kwamba ada hiyo ijulikane kabla ya bei kupangwa, na bei iwe moja, jumbani na nyumbani. Msanii anayemwuzia mteja kisirisiri kwa nusu ya bei huwa ameliharibia jumba soko, na hatakaribishwa tena.

La tatu ni maandishi. Kazi ikiachwa kwa mtu ili aiuze, hiyo ni amana, na amana ina masharti. Karatasi moja yatosha: orodha ya kazi na bei zake, ada ya muuzaji, muda wa kukaa nazo, siku ya kulipa baada ya kuuza, na nani atakayebeba hasara kitu kikivunjika. Pande zote mbili zitie sahihi, kila mmoja abaki na nakala. Laiti binti yangu yule angalikuwa na karatasi hiyo, vibuyu vinne vilivyovunjika vingalikuwa na mwenye kuvilipia.

Vilevile, tufahamu kwamba kuuza picha si kuuza haki ya kuinakili. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 humlinda msanii tangu anapoiumba kazi yake, na kwa sanaa za uchoraji na uchongaji haki hiyo hudumu miaka 50 baada ya kufa kwake. Anayetaka kuichapa picha hiyo kwenye kalenda au fulana sharti aombe ruhusa. Halmashauri ya Hakimiliki ya Kenya husajili kazi za wasanii, na cheti chake ni ushahidi mzuri mzozo ukizuka.

Sasa tuje kwenye usafirishaji, ambako wengi huvunjikiwa na vyombo na mioyo pia. Kibuyu kijazwe karatasi ndani, kizungushiwe kitambaa au sponji, kitiwe katika sanduku, na sanduku hilo litiwe katika jingine kubwa zaidi lenye nafasi iliyojazwa pande zote. Ukilitikisa usisikie kitu kikicheza. Mchoro wa turubai huweza kukunjwa juu ya bomba pana, rangi ikitazama nje, mradi iwe imekauka kabisa.

Kazi ikienda ng'ambo, posta itakudai fomu ya forodha: CN22 kwa kifurushi cha thamani ndogo, CN23 kwa cha thamani kubwa. Andika ukweli kuhusu kilichomo na thamani yake, kwani fidia hufuata kile ulichoandika. Vitu vilivyotokana na mimea, kama mbao na vibuyu, huweza kuhitaji cheti cha afya ya mimea kutoka KEPHIS, na sanduku la mbao ngumu lazima liwe limetibiwa dhidi ya wadudu na kupigwa mhuri. Mpingo, ambao wachongaji wanaupenda sana, uko chini ya masharti ya mkataba wa CITES tangu mwaka 2017. Kuuliza kabla ya kufunga mzigo ni nafuu kuliko kurudishiwa mzigo kutoka bandarini.

Na maonyesho je? Tusidhani kwamba ni mpaka Nairobi. Elimo Njau na wenzake walipoanzisha Paa ya Paa mwaka 1965 hawakuyangoja majumba ya wageni yawafungulie milango. Chepseon iko kando ya barabara kuu ya Nakuru na Kericho, na magari hupita usiku na mchana. Kila shule ina ukumbi au darasa kubwa, na kila muhula una siku ya wazazi. Kuta zisafishwe, kazi zipangwe kwa nafasi, kila moja iwe na kibandiko cha jina na bei, na mwanafunzi asimame karibu kueleza.

Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia katika mfumo mpya wenye mikondo mitatu, mmoja ukiwa wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Wazazi wananiuliza, "Mwalimu, mtoto akisomea sanaa atakula nini?" Swali hilo si la dharau. Hapa Kericho tuliona mwaka 2023 mashine za kuchuma chai zikiteketezwa kwa moto na watu waliohofia kunyang'anywa riziki yao. Mikono inatafuta kazi. Tukiwapeleka vijana katika mkondo huo bila kuwafunza daftari, bei, mkataba na sanduku, tutakuwa tumewahadaa, na wazazi wao watakuwa na haki ya kutulaumu.

Mwisho wa muhula huu tutafanya maonyesho katika darasa letu kubwa. Nimemwalika yule binti wa vibuyu, naye amekubali, ila kwa sharti kwamba kwanza tuandikiane. Nilitia sahihi bila kusita.