Mamba wa Athi si aligeta wa filamu

Mto Nairobi ukishapita Gikomba, Korogocho, Dandora na Njiru, husonga hadi ng'ambo ya Ruai na kuingia Mto Athi. Huko mbele Athi huitwa Galana, kisha Sabaki, na kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Athi ina mamba. Mtoto wa Kayole au Umoja aliyezoea kuona kwenye televisheni aligeta wakijianika katika nyua za watu kule Florida anaweza kudhani wanyama hao ni wamoja. Sio.

Aligeta na kaimani ni wa familia moja. Mamba wa Nile, ambaye ndiye wetu, ni wa familia nyingine. Aligeta wako aina mbili tu: mmoja wa kusini-mashariki mwa Marekani, mwingine wa bonde la mto Yangtze nchini China, ambaye porini amebaki kidogo sana. Kaimani huishi katika mito na vinamasi vya Amerika ya Kati na Kusini, hasa Amazon. Kaimani kibeti hufikia takriban mita 1.5, ilhali kaimani mweusi hupita mita 4. Porini barani Afrika hakuna aligeta wala kaimani.

Tazama mdomo. Wa aligeta ni mpana na wa mviringo mbele, na akiufunga, meno ya chini hufichika. Wa mamba umechongoka zaidi, na jino la nne la taya la chini huonekana nje hata akiwa ameufumba.

Makazi nayo hutofautiana kwa sababu za kimaumbile. Mamba ana tezi za kutoa chumvi ulimini, hivyo humudu maji ya chumvichumvi kama ya Ziwa Turkana, ambako Kisiwa cha Kati ni mazalio yake mashuhuri. Tezi za aligeta na kaimani hazifanyi kazi hiyo, kwa hiyo wao hutegemea maji baridi yasiyo na chumvi. Aligeta naye humshinda mamba kwa kustahimili majira ya kipupwe: maji yakiganda, hutokeza pua juu ya barafu apate kupumua.

Mamba wa Nile hufukia mayai mchangani; aligeta hurundika majani na matope. Kwa wote wawili, joto la kiota ndilo huamua kama kitoto kitakuwa dume au jike. Kwa aligeta, nyuzijoto 30 hutoa majike, na 33 hutoa madume kwa wingi.

Kwenye msafara wa mamba, na kenge wamo. Mtambaazi anayeonekana kando ya mto akitoa ulimi wenye ncha mbili ni kenge, si mtoto wa mamba. Hata hivyo, usimshike, kwani huuma na kuparura.

Hatari kubwa iko kwa anayeteka maji, kuvua au kuoga mtoni huko Athi. Mamba hujificha majini karibu na ukingo, na hupenda kuvizia pale watu wanapozoea kuteremkia. Akimjeruhi mtu, bana jeraha kwa kitambaa safi damu ikome, kisha mkimbize hospitalini hata kama kidonda ni kidogo. Kinywa cha mamba kimejaa bakteria, kwa hiyo majeruhi huhitaji kusafishwa kidonda vizuri, antibiotiki na chanjo ya pepopunda.

Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa kifo na milioni 3 kwa ulemavu wa kudumu, mamba akiwemo kwenye orodha. Basi ripoti mapema kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), weka stakabadhi za hospitali, na ukimwona mamba usimrushie mawe: ondoka ukingoni na uwaonye wengine.